Bi Kindi na Tabibu Aliyeng'oa Meno Mazima

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa boma la mawe meupe, ndani ng'ombe mwekundu kalala.

Nani alilibomoa?

Tuambie wewe uliyekuwepo.

Basi tulieni niwaambie. Mwenye jino bovu ahamie nyuma, maana ngano hii haitamliwaza.

Hapo kale, kwenye majabali ya ng'ambo ya mto, aliishi kindi mmoja mjane. Mumewe alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, akiwa anaanika mbegu juu ya jiwe. Watoto wao walikuwa wanne. Watatu walikufa mwaka wa ukame, akabaki na mmoja tu, binti, jina lake Sikudhani. Majirani walimwita mama huyo Bi Kindi. Alikuwa mdogo wa umbo, mkia mwembamba, maneno machache. Akili alikuwa nayo, lakini akili ya mjane kutwa nzima inatafuta chakula, haipati nafasi ya kujionyesha.

Na chakula cha majabalini wakati wa kiangazi ni kimoja: kweme. Mnazijua kweme? Mbegu pana, bapa, ganda lake gumu kama limesukwa kwa kamba, na ndani kuna kiini kitamu chenye mafuta. Mwenye meno ya mbele anakula. Asiye na meno ya mbele anaitazama. Na kindi ana meno ya mbele manne tu, mawili juu, mawili chini. Hayo ndiyo jembe lake, ndiyo panga lake, ndiyo urithi wake wote.

Asubuhi moja Sikudhani akaamka shavu limevimba.

"Mama, linapwita."

"Lipi, mwanangu?"

"Hili la chini. Linapwita kama kuna mtu ndani anagonga."

Bi Kindi akamfungua mdomo, akatazama. Jino la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu jeusi. Akachemsha mwarobaini, akamsukutulisha. Jino halikutulia. Kutwa ndi, ndi, ndi. Usiku ndi, ndi, ndi. Siku ya tatu mtoto akaacha kula. Siku ya nne mama akambeba mgongoni, akaenda naye kwa Tabibu Nyani.

Huyo Tabibu Nyani alikuwa dume kubwa, mabega mapana, chonge zake mbili ndefu zinatoka nje hata akifunga mdomo. Ujanani alikamatwa na binadamu, akafungwa mnyororo kwenye ua wa mng'oa meno. Miaka miwili alikaa pale akichungulia dirishani. Mnyororo ulipokatika akarudi majabalini na koleo moja, aproni moja nyeupe, na maneno matatu: Fungua mdomo. Mzazi asubiri nje. Mrudishe keshokutwa.

Wanyama wakaona huyu ameelimika. Tena kwato haziwezi kushika koleo, na makucha hayawezi. Mwenye vidole virefu vya kulishika ni yeye peke yake. Basi akawa tabibu wa meno ya watoto wa nchi nzima.

Sharti lake lilikuwa moja. Kila mgonjwa aje na kikapu cha chakula laini, ndizi mbivu, asali, uji mzito wa kweme, ili ale akishang'olewa. Wazazi walilipenda sharti hilo. Walisema tabibu ana huruma na watoto.

Bi Kindi alipofika pangoni alikuta wengine wamekaa kwenye foleni. Baba Digidigi alikuwa na mwanawe, na Mama Pimbi alikuwa na wanawe wawili. Mlangoni alikaa bibi kizee wa kinyani, manyoya yamemtoka mgongoni. Huyo ndiye aliyekuwa mama mzazi wa tabibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali na mzigo mgongoni. Kunywa maji."

Akamkingia maji kwenye jani. Bi Kindi akanywa, akamnywesha na mtoto. Zamu yao ikafika. Tabibu akatokea mlangoni, aproni imejaa madoa.

"Mzazi asubiri nje."

"Tabibu, ni jino la chini, la kushoto. Lina tundu, utaliona."

"Mimi ndiye nitakayekwambia ni jino lipi," akasema Nyani. Akamshika Sikudhani mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, akaingia.

Bi Kindi akasubiri nje. Akasikia koleo, kwaru, kwaru. Akasikia mtoto analia. Akasikia ng'wa, kisha kimya. Kisha kwa muda mrefu akasikia mlio mwingine asioujua, pwa, pwa, pwa, kama mtu anatembea matopeni.

Sikudhani akatoka akiyumba, damu kidevuni. Mama akamfungua mdomo. Jino bovu lilikuwa palepale. Lililotoka ni la juu, zima, jeupe.

"Tabibu," akasema, "umeng'oa silo."

Nyani alikuwa anajifuta midomo. "Maumivu ya chini mzizi wake uko juu. Wewe ni mama tu, hujui meno. Mrudishe keshokutwa."

"Na chakula chake?"

"Keshakula."

Bi Kindi akambeba, wakarudi. Njia nzima alijiambia kwamba tabibu ameelimika, na yeye hajaelimika. Kwamba pengine ni kweli, mzizi uko juu. Lakini usiku ule jino la chini likapiga ndi, ndi, ndi, kama kawaida yake.

Keshokutwa akamrudisha. Maji kwenye jani, foleni, zamu yao.

"Tabibu, nakuomba niingie. Nitakaa kimya. Nimshike mkono tu."

"Mzazi asubiri nje. Mzazi akiingia, mtoto anadeka."

Kwaru, kwaru. Ng'wa. Pwa, pwa, pwa. Sikudhani akatoka. Sasa meno ya juu yote mawili hayapo. Lile bovu lipo, na shavu limevimba zaidi.

Safari hii Bi Kindi hakuondoka. Akasimama mbele ya lile dume, kichwa chake kikiishia kwenye goti lake. "Mwanangu ana meno mawili yamebaki, na moja bovu. Atapasulia nini kweme?"

"Meno ya utoto hayo. Mengine yataota."

"Ya kindi hayaoti yaking'olewa na mzizi. Babu zangu walikuwa kindi, Tabibu. Hilo nalijua."

Nyani akainama mpaka chonge zake zikakaribia uso wa Bi Kindi. "Nani hapa ana vidole?" akauliza polepole.

Mama Pimbi akamvuta Bi Kindi mkono, akamnong'oneza, "Shoga, usimuudhi. Akituchukia tutakwenda kwa nani? Wanangu wote wawili wanaumwa." Baba Digidigi akaangalia kwato zake.

Wakarudi nyumbani. Jioni Bi Kindi akapasua kweme, akaitafuna ikawa laini, akamlisha binti yake mdomoni kama kinda la ndege. Sikudhani akala kwa pupa, akaomba nyingine, akaomba nyingine.

"Si ulikula kwa tabibu?"

"Sijala."

"Kikapu kilikwenda wapi?"

"Anakula yeye. Ananiambia nifumbe macho, mgonjwa asile mpaka jua lizame. Halafu nasikia anakula, pwa, pwa. Kwanza anakula kidogo, anang'oa, kisha anamaliza. Mkono wake una asali, mama. Koleo linateleza. Linaposhika, hapohapo anavuta."

Bi Kindi akaiweka kweme chini.

"Mama, nilikuita. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nje, mwanangu."

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia."

Mtoto akamtazama kidogo, kisha akageukia ukutani akalala. Mama hakulala. Sasa alielewa. Jino bovu haling'olewi kwa sababu ndilo linaloleta vikapu. Likitoka, mgonjwa harudi.

Kulipopambazuka akaenda bondeni kwenye mibungo. Mnajua mbungo ukichanjwa unatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukikauka kidogo unanata na kuvutika kama mpira. Bi Kindi akaguguna gome, kru, kru, kru. Akakinga utomvu, akaufinyanga vidonge kwa mikono iliyolowa mafuta ya kweme, akaviviringisha kwenye unga wa kweme, akavimwagia asali ya nyuki wadogo. Kikapu kikajaa. Harufu yake ilikuwa nzuri hata yeye mwenyewe mate yakamtoka.

Keshokutwa akaenda. Bibi kizee akamkingia maji, akasema, "Mtoto wako anakonda." Bi Kindi akapokea lile jani, akanywa, na hakuweza kumtazama usoni.

Tabibu akatokea. Pua yake ikafika kwenye kikapu kabla ya macho.

"Ni nini hiki?"

"Chakula cha mgonjwa, Tabibu. Ila nakuomba, usikiguse. Ni chakula cha wenye meno madhubuti. Majirani wameniambia chonge zako siku hizi zimelegea, na mimi sitaki lawama."

"Nani kasema zimelegea?"

"Watu tu. Mimi nimejibu kwamba sijui."

Nyani akanyakua kikapu. Hata Sikudhani alimwacha palepale mlangoni. Akaingia ndani, na foleni nzima ikasikia pwa. Kisha ikasikia pwa ya pili, nzito zaidi. Kisha mmm. Kisha mmmm.

Akatoka mbio. Taya zake zilikuwa zimegandana. Aliingiza vidole kuzing'oa, vidole navyo vikaganda. Mkono wa kulia ulikuwa umenata shavuni, wa kushoto umenata kidevuni, na macho yamemtoka pima. Mwenye vidole hakuwa na vidole tena.

"Mmm," akasema.

Wanyama wakarudi nyuma. Bi Kindi akamsogelea, akamkagua kama anayejua. "Tabibu, ndicho nilichokiogopa. Chonge zimeshuka, zimefunga taya. Ninyi mlioelimika mnaujua ugonjwa huu. Zisipotoka, mtu hali tena mpaka anakufa."

"Mmm, mmm."

"Anasema tumsaidie," Bi Kindi akawaambia wengine.

Nyani akatikisa kichwa kukataa.

"Anasema haraka."

Baba Digidigi akamtazama tabibu, akamtazama Bi Kindi. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameng'olewa meno sita na bado analia kila usiku. Kisha akaenda kuleta kamba.

Hapo nje palikuwa na mche mrefu wa mti, mwembamba, unaopindika. Wakaupinda wote kwa pamoja mpaka kilele kikagusa ardhi, wakaukalia. Bi Kindi akapanda begani mwa Nyani, akafunga kamba kwenye chonge ya kulia, upande wa pili akaufunga kwenye kilele cha mche. Hofu ya kufa kwa njaa ilikuwa imemwingia Nyani, na mwenye hofu hiyo anakubali lolote. Alifumba macho mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Bibi kizee akainuka kwa mkongojo wake. "Mnamfanya nini mwanangu?"

"Tunamtibu, bibi," akasema Mama Pimbi. "Wewe subiri pale."

Wakauachia mche. Fyuuu. Ng'wa. Chonge ikaruka juu, ikameremeta kidogo kwenye jua, ikaanguka kwenye mawe ya mbali huko.

Nyani akaguna mguno wa kutoka tumboni. Hapo bibi kizee akaanza kuita. Hakupiga yowe. Aliita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtoto aje kula. "Niko hapa, baba. Niko hapa nje. Mama yuko hapa."

Bi Kindi alikuwa bado begani, kamba mkononi. Aliisikia sauti ile. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, maana maneno hayohayo yeye alikuwa ameyasema mara mbili, kimoyomoyo, mlangoni palepale. Mikono yake ikasimama. Baba Digidigi akamwuliza, "Inatosha?"

Akamwangalia Sikudhani. Mtoto alikuwa amekaa chini, shavu limevimba mpaka jicho limefumba, anatazama.

"Bado moja," akasema Bi Kindi.

Wakaupinda mche mara ya pili. Fyuuu. Ng'wa.

Mchana ulipokuwa mkali utomvu ukalainika, taya zikaachana, vidole vikabanduka. Lakini Nyani asiye na chonge haogopwi na yeyote. Chui akipita akimwona, amekwisha. Jua lilipoanza kushuka alifunga aproni yake kwenye kijiti, akamshika mama yake mkono, wakashuka mteremko kuelekea nchi isiyowajua. Bibi kizee alikuwa anatembea kwa shida. Alipopita mbele ya Bi Kindi alisimama kidogo, kisha akaendelea.

Majirani wakafurahi. Mama Pimbi alicheza mpaka akaanguka. Wakambeba Bi Kindi juujuu, wakamwita jasiri, wakamwita mwenye akili nchi nzima. Kisha giza likaingia, kila mtu akarudi kwake na mtoto wake. Na watoto wote walikuwa bado wanaumwa meno.

Ndi, ndi, ndi.

Usiku huo jino la Sikudhani lilimpandisha homa. Asubuhi Bi Kindi akamkalisha kwenye mapaja yake, akafunga uzi wa gome kwenye lile jino bovu. Mkono wake ulikuwa mdogo na haujasomea chochote.

"Mama, unajua kung'oa?"

"Sijui, mwanangu. Lakini ninalijua lenyewe."

Akavuta. Mara ya kwanza halikutoka, na mtoto akamwuma kidole. Mara ya pili halikutoka. Mara ya tatu likatoka, na usaha ukatoka, na mama na mtoto wakalia pamoja mpaka wakachoka. Baada ya siku mbili shavu likanywea. Maumivu yakaisha kabisa.

Ila kinywani limebaki jino moja.

Kiangazi kile Bi Kindi alipasua kweme za watu wawili. Alipasua asubuhi, akapasua jioni, mpaka meno yake mwenyewe yakaanza kuchakaa pembeni. Kila kukicha alipitisha kidole kwenye ufizi wa binti yake, akitafuta kama kuna kitu kinachoota. Ufizi ulikuwa laini. Sikudhani alikuwa akimwachia, mdomo wazi, akitazama angani. Siku moja akauondoa mkono wa mama yake taratibu.

"Acha, mama. Hakuna kitu."

Na tangu siku hiyo hakumruhusu tena kumtazama mdomoni.

Akajitafutia njia yake. Alikuwa anachukua kweme moja, anapanda nayo mpaka ncha ya jabali kubwa, juu kabisa, pale ambapo mwewe wanapita. Anaiachia. Pa. Mara nyingi ilidunda tu, ikabaki nzima; anashuka, anaitafuta, anapanda tena. Ikipasuka, vipande vinatawanyika, na kabla hajafika chini siafu na ndege wameshachukua chao. Anakula kilichobaki. Siku nyingine ni nusu ya kiini. Siku nyingine ni mafuta tu yaliyobaki kwenye jiwe, anayalamba.

Mama yake alimwambia, "Njoo nikupasulie, mimi ninayo meno."

Sikudhani akajibu bila ukali wowote, "Leo unayo, mama."

Bi Kindi akakaa chini ya jabali, macho hayabanduki angani kwa sababu ya mwewe, akimsikiliza mwanawe anavyopanda. Kwaru, kwaru, kwaru. Pa. Kimya. Kwaru, kwaru, kwaru. Pa.

Ngano hii ina mafunzo, na mimi siwezi kuwanyima. Inatufundisha kwamba mwenye kazi yake aachiwe kazi yake, kwamba mama asiyesomea meno afunge mdomo wake, na kwamba mtoto anayelia kwa tabibu ni mtoto aliyedekezwa. Ndivyo wanavyoisimulia manyani wa huko alikohamia tabibu, na wao wana watoto wengi wa kuwafundisha.

Hapa ndipo ulimi wangu unaporudi bomani kulala. Kilicho kitamu kitafuneni, kilicho kigumu nirudishieni mwenyewe, nami nitatafuta pa kukipasulia.